Kompyuta isifanywe pambo la ofisi

Wahenga walisema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Katika ofisi za umma na shule kadha wa kadha nchini, kompyuta ya mezani imekuwa mgeni asiyepewa jembe. Huletwa kwa gari, hupokewa kwa hati ya makabidhiano, huandikwa namba ya mali ya Serikali ubavuni, kisha hufunikwa kitambaa cha kufuma na kuwekwa mezani kwa mkuu. Siku inapokataa kuwaka, hakuna anayethubutu kuigusa. Husubiriwa fundi kutoka wilayani. Fundi akichelewa mwezi, na mwezi ukazaa mwaka, mashine huhamishiwa stoo na kulazwa kando ya viti vilivyovunjika miguu. Katika daftari la mali huandikwa neno moja tu: mbovu.

Hapana shaka kwamba katika stoo hizo zimo mashine zilizokufa kweli. Lakini zimo pia zilizohukumiwa kabla ya kuchunguzwa. Moja waya wake umelegea nyuma ya kisanduku. Nyingine imejaa vumbi hata feni yake haizunguki. Nyingine imeishiwa betri ndogo ya saa, yenye ukubwa wa sarafu. Hasara ya hukumu hizo za haraka huangukia umma ulionunua mashine kwa kodi yake, humwangukia mwalimu anayerudi kuandika alama za wanafunzi kwa mkono usiku kucha, na humwangukia mwanafunzi ambaye kumbukumbu zake zimefungiwa ndani ya kisanduku kisichowaka.

Nchi hii ina historia ambayo haifai kusahauliwa katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matumaini yalikuwa makubwa, lakini ujuzi wa kuiendesha na kuisimamia ulikuwa mikononi mwa wageni, na kazi ya hesabu za Serikali iliyokabidhiwa mitambo ya aina hiyo haikwenda kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wako wanaoucheka uamuzi huo leo. Kicheko hicho si cha haki, kwa sababu fundisho lililokuwamo ndani yake bado linasimama: mashine isiyokuja pamoja na ujuzi wake ni mzigo kwa mwenye kuipokea, hata kama ilitolewa bure.

Marufuku hayo yaliondoka zamani. Sera ya Taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano ilitolewa mwaka 2003, ikatolewa tena upya mwaka 2016, na mwaka 2019 ikatungwa Sheria ya Serikali Mtandao. Leo shule husajili watahiniwa wake kwa njia ya mtandao, na tangu mwaka 2023 manunuzi ya umma yameelekezwa katika mfumo wa kielektroniki wa NeST. Kompyuta si anasa tena, wala si alama ya cheo. Ni chombo cha kazi kama chaki, jalada na mhuri. Lakini ugonjwa wa mwaka 1965 haujapona. Mashine zimeenea, ujuzi wake bado umebaki kwa wachache.

Yafaa basi ieleweke kwamba ujuzi unaohitajika si wa ajabu. Aweza kuupata mwalimu wa darasa la nne, karani wa masjala, na mtendaji wa kata.

Jambo la kwanza ni kuifunga mashine ipasavyo. Kompyuta ya mezani ina sehemu chache: kisanduku chenye mitambo, kioo, kibodi, kipanya, na waya zinazoviunganisha. Tundu zilizo nyuma ya kisanduku zimetengenezwa kwa maumbo mbalimbali ili waya usiingie mahali pasipo pake. Anayelazimisha waya uingie amekosea tundu, na anayevunja pini ameharibu kwa haraka kitu ambacho kingeunganishwa kwa subira. Kosa la mara kwa mara linahusu waya wa kioo. Ikiwa kisanduku kina kadi ya picha iliyoongezwa, huwa na tundu mbili za kioo: moja juu, pamoja na tundu za kibodi na kipanya, na nyingine chini, kwenye kadi hiyo. Kwa kawaida waya ukichomekwa ile ya juu kioo hubaki cheusi, na mashine nzima huitwa mbovu.

Umeme ndio wa kuogopwa zaidi. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230. Visanduku vingi vya zamani, hasa vile vya mitumba, vina swichi ndogo nyekundu nyuma, karibu na mahali pa kuchomeka waya wa umeme, yenye kuandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Mashine ikitoka katika nchi ya umeme mdogo, kama Marekani, swichi hiyo huweza kuwa kwenye 115. Ikichomekwa hivyo hivyo, kifaa cha umeme hulipuka papo hapo. Kuitazama swichi hiyo ni kazi ya nukta chache; kutoitazama huigharimu shule mashine. Vilevile, plagi ya miguu mitatu isikatwe mguu wala isichomekwe kwa kijiti katika soketi isiyolingana. Mguu wa tatu ni njia ya ardhi, nao umewekwa kulinda maisha ya mtu kabla ya kulinda mali.

Mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, mashine iwekewe stebilaiza au kifaa cha akiba ya umeme, yaani UPS. Kifaa hicho si cha kufanyia kazi mchana kutwa gizani. Kazi yake ni kumpa mtumishi dakika chache za kuhifadhi kazi yake na kuizima mashine kwa utaratibu. Printa ya leza isichomekwe humo, maana hunyonya umeme mwingi kwa mara moja na kukilemea. Na betri ya UPS huchakaa baada ya miaka michache. Ofisi isiyopanga fedha za kuibadilisha huishia kuwa na kisanduku kizito chini ya meza kisicholinda kitu chochote.

Jambo la pili ni matunzo. Adui wa kompyuta ni joto, vumbi na unyevu. Kile kitambaa cha kufuma kinachopendeza macho huziba matundu ya hewa kikiachwa juu ya mashine inayofanya kazi, na mashine inayokosa hewa hujizima yenyewe au huenda polepole ili isiungue. Kisanduku kisisukumwe hadi kugusa ukuta. Katika mikoa ya vumbi jekundu kifunguliwe na kupanguswa kwa brashi laini kila baada ya miezi michache, waya wa umeme ukiwa umechomolewa, na feni ikishikwa kwa kidole isizunguke. Katika miji ya pwani, ambako hewa ya chumvi hula chuma, mashine isikae karibu na dirisha linaloelekea baharini. Mende na mijusi nao hupenda joto la ndani ya kisanduku. Kila tundu lisilotumika nyuma yake lizibwe kwa kibati chake.

Matunzo ya kazi iliyomo ndani ni makubwa kuliko matunzo ya chuma. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la siku hizi ni nakala ya akiba. Kanuni inayokubalika kwa wataalamu ni nyepesi kukumbukwa: nakala tatu za kila jambo muhimu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwekwe nje ya jengo. Shule yenye alama za mitihani ya miaka mitano katika diski moja imeweka mayai yake yote katika kikapu kilichotoboka. Diski haitoi taarifa ya kifo. Huweza kufanya kazi Ijumaa na kunyamaza Jumatatu. Moto, wizi na paa linalovuja havichagui, na nakala iliyolala katika droo ya meza ile ile haina msaada wowote siku hiyo.

Flashi nazo zimekuwa kama mbu waenezao malaria. Flashi moja hutoka duka la kuchapisha, huingia kompyuta ya mhasibu, ikaenda kwa mwalimu mkuu, ikafika hadi ofisi ya elimu, na kila mahali huacha virusi. Ichunguzwe na programu ya kinga kabla ya kufunguliwa. Nywila nayo isibandikwe kwenye kioo kwa karatasi. Kumbukumbu za watumishi na wanafunzi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na haifai hata kidogo mlango wake ukawa wazi kwa kila apitaye.

Jambo la tatu, ambalo ndilo huwatia watu hofu, ni kutafuta ubovu. Hapa ndipo uchawi wa uongo umejengwa. Ukweli wa mambo ni kwamba kutafuta ubovu ni kuuliza maswali kwa mpangilio, kama afanyavyo daktari mwema kabla ya kuandika dawa. Swali la kwanza: umeme unafika? Taa au simu ichomekwe katika soketi ile ile. Ikiwa soketi ni nzima, utazamwe waya, kisha fyuzi iliyo ndani ya plagi, kisha swichi ya nyuma ya kisanduku. Swali la pili: mashine inapowashwa, taa yake inawaka na feni yake inavuma? Ikiwa vyote vipo na kioo ni cheusi, shaka ihame kutoka kwenye umeme iende kwenye kioo na waya wake. Swali la tatu: kioo kikichomekwa katika mashine nyingine kinafanya kazi? Likijibiwa hilo, nusu ya njia imekwisha kutembewa.

Mashine ikivuma huku kioo kikiwa cheusi, au ikatoa milio ya kurudiarudia, huenda kadi ya kumbukumbu, ambayo mafundi huiita ramu, imelegea au imeshika kutu katika meno yake. Mashine izimwe, waya uchomolewe, kitufe cha kuwashia kibonyezwe kidogo ili mabaki ya umeme yatoke, na mkono uguse chuma cha kisanduku kabla ya kugusa kadi. Kadi ichomolewe, ipanguswe kwa kitambaa laini kikavu, irudishwe hadi vishikizo vyake vilie. Hiyo ni kazi ya dakika kumi, na mashine zilizokwisha kulazwa stoo zimewahi kufufuka kwa kazi hiyo tu.

Ikiwa saa ya kompyuta hurudi miaka mingi nyuma kila mashine inapochomolewa, betri ya saa imekwisha. Mara nyingi ni ile ya duara ya volti 3 iandikwayo CR2032. Ubovu huu huonekana mdogo, lakini una madhara. Barua huweza kutoka na tarehe ya uongo, na tovuti za Serikali hukataa kufunguka, kwa sababu mashine huona hati za usalama za tovuti hizo hazijaanza kutumika. Mtumishi hulaumu mtandao wiki nzima, kumbe kosa ni la betri.

Kanuni mbili ziheshimiwe katika kazi hii yote. Ya kwanza, libadilishwe jambo moja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha mambo matano kwa pamoja, mashine ikapona, hajui ni lipi lililoponya, na ikizidi kuugua hajui ni lipi lililoua. Ya pili, kila jambo liandikwe. Kila kompyuta iwe na daftari lake: siku iliyofika, ubovu uliotokea, maneno yaliyoonekana kwenye kioo, na dawa iliyosaidia. Daftari la kurasa arobaini laweza kuokoa kazi ya miaka.

Upo pia mpaka. Kile kisanduku kidogo cha chuma cha kugawa umeme, kilichomo ndani ya kisanduku kikubwa, kisifunguliwe na asiye fundi, kwa kuwa huhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa. Penye harufu ya kuungua, moshi au maji, waya uchomolewe na fundi aitwe. Diski inayogonga kama saa ya ukutani isiwashwe tena na tena, bali ipelekwe kwa mwenye vyombo vya kuokoa yaliyomo. Kujua mpaka huo ni sehemu ya ujuzi wenyewe.

Hapa lazima lisemwe neno kuhusu baadhi ya mafundi. Imezuka tabia ya kutibu kila maradhi kwa dawa moja, nayo ni kile kinachoitwa mitaani “kupiga windo”, yaani kufuta kila kitu na kuweka programu endeshi upya. Mashine hurudi inang’ara, na kumbukumbu za ofisi zimekwenda. Ofisi hulipa, hushukuru, kisha hugundua baada ya siku mbili kwamba orodha ya wanafunzi, barua na hesabu za miaka havipo. Fundi hana lawama yote. Hakuulizwa, na hakuna aliyejua la kumuuliza. Mtumishi mwenye ujuzi kidogo tu angelisema: kwanza toa nakala ya yaliyomo, kisha fanya kazi yako. Sentensi hiyo moja ndiyo tofauti ya ofisi inayohudumiwa na ofisi inayotawaliwa na fundi wake.

Ujuzi huo huo ndio utakaoziokoa ofisi dhidi ya kununua bila sababu. Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa programu endeshi ya Windows 10. Mashine nyingi za zamani hazikubaliwi na toleo lililoifuata, na si ajabu wauzaji wakashauri zitupwe. Lakini mashine ile haikuzeeka usiku wa tarehe hiyo. Ipo mifumo huru ya Linux, inayopatikana bila malipo, ambayo huendesha vizuri kompyuta kuukuu kwa kazi za kuandika, kuhesabu na kutumia mtandao. Na hili si jambo geni hapa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wake wa Kilinux, kilitoa mwaka 2004 programu ya Jambo OpenOffice, iliyomwezesha mtu kuandika na kupiga hesabu katika kompyuta kwa maelekezo ya Kiswahili. Aidha, kompyuta iendayo polepole mara nyingi huhitaji tu diski mpya ya aina isiyozunguka mahali pa ile ya zamani, na hubadilika kama ng’ombe aliyepata malisho.

Wako watakaosema kwamba kazi ya mwalimu ni kufundisha na kazi ya karani ni kuandika, na kwamba ufundi una wenyewe. Hoja hiyo ina uzito wake. Mwalimu ana darasa lililojaa na madaftari ya kusahihisha, na si haki kumwongezea kazi ya mtu mwingine bila malipo. Lakini dereva haachi kutazama maji na upepo wa matairi kwa sababu karakana ina makanika. Anayetazama hayo anajiokoa yeye mwenyewe asilale porini. Hakuna anayedai mwalimu atengeneze bodi kuu ya mashine. Kinachodaiwa ni kwamba asiishi kwa hofu ya chombo anachokitegemea kila siku.

Wengine, kwa siri, hawataki ujuzi uenee. Katika ofisi fulani mtu mmoja ndiye ajuaye nywila, ndiye ajuaye printa, na akienda likizo ofisi nzima huenda naye. Hujiona mfalme. Hiyo ni kasumba, na ni hatari kwa kazi ya umma. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ofisi iliyotegemea mtu mmoja imejiwekea siku ya kusimama, isipokuwa hajulikani tarehe yake.

La kufanywa li wazi. Mkuu wa kila ofisi na kila shule achague watu wasiopungua wawili wa kujifunza kufunga, kutunza na kuchunguza mashine, nao wawafundishe wenzao. Asiwasahau makatibu muhtasi, ambao kwa miaka mingi wamekaa na mashine hizo kuliko bosi yeyote, na ujuzi wao haujapata kuulizwa. Maelekezo ya kuwasha, kuzima, kutunza nakala na kuchunguza ubovu yaandikwe kwa Kiswahili fasaha na yabandikwe ukutani, maana maelekezo yasiyoeleweka ni sawa na maelekezo yasiyokuwapo. Vyuo vya ualimu visiishie kumfundisha mwanachuo kuandika barua katika kompyuta. Vimfundishe pia kuifungua na kuifunga. Na bajeti inayotenga fedha za kununua mashine kumi itenge pia za betri, brashi na diski za akiba, kwani ni heri mashine nane zenye uhai kuliko kumi zinazosubiri stoo.

Kisha yafanyike mapitio. Kabla mashine yoyote haijaandikwa mbovu, maswali yale matatu yaulizwe na majibu yake yaandikwe katika daftari, kwa jina na sahihi ya aliyeuliza. Wilaya ikishika utaratibu huo, stoo nyingi zitapungua mizigo, na shule zilizokuwa zikisubiri mgao wa kompyuta mpya zitakuta kwamba baadhi ya walizozihitaji walikuwa nazo muda wote. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu hujengwa kwa fedha za mkulima ambaye mwanawe bado anasubiri kuigusa kompyuta kwa mara ya kwanza.